Kamera yashtuka na mkwaju mchana kutwa, mwizi wa alfajiri yamnyamazia (Mtopanga)

bi_karai, Mtopanga

Salaam aleikum jamani. Namtafuta anayezijua hizi kamera za nyumbani kwa undani, si wa kuniambia "izime uiwashe". Hilo nimeshalifanya. Mimi kazi yangu ni viazi karai na maji ya ukwaju barazani, na mambo ya menyu za simu sikukua nayo.

Kamera ni ile ya kichwa kinachozunguka, inatumia waifai, kadi iko ndani yake na inarekodi mfululizo. Imefungwa kwenye pembe ya nyumba, juu kidogo ya dirisha. Inatazama geti, tangi na mashine ya kupandisha maji. Kulia kwake kuna mkwaju mkongwe kuliko nyumba yenyewe, pamoja na kamba ya nguo. Kushoto kuna ukuta wa jirani, na juu ya ukuta unaona kipande cha ua wake.

Kwenye programu kuna mahali pa kuchora eneo. Unavuta kidole, unatokea mstatili, na kilichoko nje ya mstatili kamera isijishughulishe nacho. Tumechora mmoja kutoka juu ya geti mpaka chini ya mashine ya maji. Basi niambieni simu inalia kwa lipi. Tawi la mkwaju likitikisika, inalia. Leso zikipepea, inalia. Kunguru akitua ukutani, inalia, na kunguru wa Mombasa mnawajua, hawatui mmoja mmoja. Jua likiinama vivuli vikarefuka, inalia. Usiku tuktuk ikikata kona, taa zake zikapita kwenye nondo za geti, inalia. Kukinyesha kumbikumbi wakatoka, hapo simu naitia kabatini.

Zamani ilikuwa na adabu, ikilia usiku tu. Tangu kusi lianze kuvuma ndipo kelele zilipohamia mchana. Zinaanza baada ya swala ya adhuhuri, ninapoketi kumenya viazi, na zinakatika usiku wa manane upepo ukitulia.

Nikajisemea kelele ni bora kuliko kuibiwa. Majuzi mtu karuka ukuta kabla ya adhana ya alfajiri, kaifungua mashine ya maji kwa spana bila pupa yoyote, kaitia guniani, kafungua komeo akatoka nayo getini kama mwenye nyumba. Simu ilikuwa karibu na sikio langu, sauti juu, na haikulia.

Linaloniudhi ni kwamba kamera ilimwona. Mpwa wangu ameitoa kadi tukaangalia kwenye kompyuta yake, na jamaa yuko pale, katikati kabisa ya mstatili. Sasa kunguru apigiwe mbiu, mwizi afichiwe siri, hiyo ni kamera ya nani?

kijana_wa_likoni

Shikamoo mama, pole sana. Hiyo ni sensitiviti, yaani wepesi wa kushtuka, iko juu mno. Ishushe mpaka chini kabisa. Yangu ya betri nilishusha na sasa iko kimya kabisa, hata mchana watu wakipita mbele yake. Halafu huo mkwaju ukate matawi yote ya upande wa kamera, utaona raha.

bi_karai

Marahaba mwanangu. Lakini ukisema kimya hata watu wakipita, hiyo ni sifa ama ni ugonjwa? Na mkwaju haukatwi. Nimesema nauza maji ya ukwaju, ulidhani ukwaju naununua wapi?

fundi_wa_tudor

Wa aleikum salaam Bi Karai, na pole kwa mashine. Nafunga kamera, rekoda na mageti ya umeme, na malalamiko haya nayasikia kila kusi likiingia. Una shida mbili tofauti. Moja ni kelele, ya pili ni kimya cha alfajiri. Mdogo wangu wa Likoni anataka kuzitibu kwa dawa moja, na dawa yenyewe itaongeza ile ya pili.

Nianze na kelele. Kamera yako ikiwa kwenye utambuzi wa kawaida wa mwendo, haijui mtu ni nini. Inachukua picha, inailinganisha na iliyotangulia, inahesabu pikseli, yaani nukta za picha, zilizobadilika. Zikizidi kiwango ulichoweka, arifa inatoka. Tawi, kivuli, mwizi, kwake yote ni hesabu. Mtu mwenye nguo nyeusi anayetembea pole gizani anaibadilisha picha kidogo kuliko leso nyekundu inayopepea juani. Kwa hiyo ukishusha wepesi wa kushtuka mpaka leso inyamaze, yule wa spana atakuwa alishanyamaza zamani.

Dawa iko kwenye eneo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anadhani anauzungushia mstari uwanja wake. Hapana, unazungushia kipande cha picha, na picha haina mbali na karibu. Tawi lililo mita mbili kutoka kwenye lenzi na geti lililo mita kumi yanakaa mahali pamoja kwenye kioo. Umesema mstatili unaanzia juu ya geti. Basi ndani yake kuna tawi linaloning'inia, kuna mgongo wa ukuta wanapotua kunguru, na pengine ncha ya kamba ya nguo.

Chora penye nyayo. Anza pale geti linapokutana na saruji, shuka hadi kwenye msingi wa mashine, upate ukanda unaolala chini. Hakuna atakayeifikia mashine bila kukanyaga ukanda huo, na ukuta wote unabaki nje pamoja na kunguru wake. Kama programu inakubali pembe nyingi, fuata umbo la sakafu, usilazimishe mstatili. Kama inakupa viraba vidogo vya kugusa, zima vya juu vyote. Kivuli cha mkwaju kitabaki kukusumbua kwa sababu nacho kinalala chini, ila nahisi hicho kitaondoka kwa njia nyingine, ngoja nifike.

Jambo jingine ni hicho kichwa kinachozunguka. Kama mmewasha ile ya kumfuata mtu, kila kichwa kikigeuka mstatili unageuka nacho, kwa maana umechorwa kwenye picha wala si kwenye ardhi. Kinamfuata paka mpaka kambani, na sasa eneo lako la ulinzi ni leso. Kwa nyumba yenye kamera moja mimi huizima hiyo kufuata. Kikae kimetazama geti, na hapo alipo pahifadhiwe kama nafasi yake ya kurudia. Tena stima ikikatika ikarudi, kichwa huzunguka kujipima, na zipo kamera ambazo hazirudi palepale. Kikirudi kimeinuka kidogo tu, ukanda wa chini unakuwa ukanda wa ukutani. Kila stima ikirudi, angalia.

Sasa kimya cha alfajiri. Hiki hakihusiani na eneo, kwa sababu jamaa alipita katikati yake. Nijibu matatu. Saa iliyoandikwa juu ya picha alipoingia mwizi inasemaje? Ratiba ya arifa imewekwa kutoka saa ngapi hadi saa ngapi? Na akaunti yenyewe ni ya nani, maana umesema "tumechora"?

(Kijana wa Likoni, ya betri ni mnyama mwingine. Nyingi huamshwa na kihisi cha joto: kinangoja tofauti kati ya joto la mwili na joto la kilicho nyuma yake. Saa nane mchana ukuta wa Mombasa ulioiva juani haupishani sana na mtu, basi kinakosa la kushika. Kingine, mtu anayeijia kamera moja kwa moja hakisisimui sana kama anayekatiza mbele yake. Pandisha hiyo sensitiviti uliyoishusha, halafu igeuze kamera watu wapite kwa ubavu.)

bi_karai

Ahsante fundi, Mungu akuzidishie. Nakujibu.

Saa ya kwenye picha hatuitazami, haijakaa sawa siku nyingi. Lakini nimemwambia mpwa wangu afungue tena: mwizi yuko ndani, giza totoro, na juu imeandikwa 09:20. Mimi najua haikufika hata saa kumi na moja, kwa sababu niliamka kutawadha nikakuta bomba halitoi maji, na adhana ilikuwa bado.

Akaunti ni ya mume wangu. Ni baharia, ndiye aliyeinunua kamera na kuifunga alipokuwa likizo. Tulichora pamoja, mimi nikimwonyesha, yeye akivuta kidole. Mimi kanigawia niangalie na nipate arifa, ila nikigusa mipangilio inaniambia sina ruhusa. Ratiba aliweka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, usiku tu, ili nisisumbuliwe na wateja wa viazi. Na kweli mwanzo ilikuwa hivyo.

Sasa meli yake iko Singapore inatengenezwa, na huko anapata mtandao mzuri, ndiyo maana huingia kwenye kamera kuliko mimi. Wateja wangu wote anawajua kwa sura.

fundi_wa_tudor

Singapore! Bi Karai, mwulize kama alipofika huko aliona saa ya kamera haiendani na ya simu yake, akabonyeza palipoandikwa ilinganishwe na simu.

Hesabu hii hapa. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, Singapore iko saa nane mbele. Tofauti ni saa tano. Ratiba yake ya 18:00 hadi 06:00 kamera inaisoma kwa saa ya Singapore. Saa kumi na mbili jioni ya Singapore, kwako ni saa saba mchana, umeketi unamenya viazi. Saa kumi na mbili asubuhi ya kule, kwako ni saa saba usiku. Basi kamera inalinda kwa bidii kutoka saa saba mchana hadi saa saba usiku, halafu inaenda kulala, na wewe unaona upepo umetulia. Ile 09:20 ukiipunguza saa tano unapata 04:20, saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Hapo ratiba ilikuwa imeshafungwa zamani. Kadi iliendelea kurekodi kwa sababu kurekodi mfululizo hakuingoji ratiba ya arifa.

Kusi halina hatia katika hili la saa. Limesadifu tu na safari ya bwana, na bila shaka limeongeza matawi.

Dawa: aingie kwenye mipangilio ya kamera, achague Nairobi, yaani +3, na asibonyeze tena kulinganisha na simu akiwa ughaibuni. Ukitaka kuhakikisha, tazama saa ya kwenye picha na ya ukutani kwako kwa pamoja. Na kwa kuwa programu huandika saa za saa ishirini na nne, ratiba isomeke 18:00 hadi 06:00. Nimeshakuta kwa mteja mtu kaandika 12:00 hadi 12:00 akikusudia jioni na asubuhi.

Kama umeripoti polisi na una namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, usijaribu kusahihisha saa kwenye video ile. Nakili faili kama lilivyo, kadi uiweke kando ununue nyingine, na katika maelezo yako useme wazi kwamba saa ya kamera ilikuwa mbele kwa saa tano. Mtu asije akasema mwizi wako aliingia saa tatu asubuhi, saa ambayo mtaa mzima uko macho.

mzee_wa_kuze

Binti yangu, pole kwa kuibiwa. Fundi amesema ya kamera, mimi niseme ya jirani, maana umetaja kipande cha ua wake na hakuna aliyelishika.

Hilo eneo mnalolichora linaiambia kamera ishtuke wapi. Haliifumbi macho. Ua wa jirani unaendelea kurekodiwa usiku na mchana, na umesema mwenyewe kadi inarekodi mfululizo na bwana anatazama kutoka Singapore. Uani ndipo wanawake wa watu wanapokaa vichwa wazi, wanasuka nywele, wanaanika. Sisi huku Mji wa Kale nyumba zimebanana, dirisha la mtu liko juu ya ua wa mwenzake, na ugomvi wa macho nimeusuluhisha zaidi ya ugomvi wa pesa. Siku hizi badala ya dirisha ni kamera.

Kuna kitu kingine kwenye menyu, si eneo la mwendo, ni kiraba cheusi cha kuficha. Ukikiweka, sehemu hiyo haionekani wala hairekodiwi. Mwanangu alituwekea baada ya jirani kuja na maneno. Ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ipo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, lakini usingoje kufikishwa huko. Pita kwa jirani na sahani ya viazi, umwonyeshe picha kwenye simu, akuambie mwenyewe kifichwe kiasi gani.

fundi_wa_tudor

Mzee kasema kweli, nami nilipaswa kutangulia kulisema. Naongeza moja: kwenye kamera ya kuzunguka, kiraba hicho kwa aina nyingi za bei nafuu nacho kimebandikwa kwenye picha. Kichwa kikigeuka, kinaficha mkwaju na kuufunua ua. Sababu nyingine ya kukiacha kichwa mahali pamoja. Na kama programu haina hicho kiraba, geuzeni kamera digrii chache kulia, au bandikeni kipande cha utepe mweusi kwenye pembe ya kioo cha mbele, ila usiku kiangalieni kisirudishe mwanga kwenye lenzi.

bi_karai

Shikamoo mzee wangu. Nimekwenda kwa jirani. Alikuwa na dukuduku siku nyingi, anangoja tu niseme. Tumekubaliana.

Fundi, ni kama ulikuwa naye melini. Nimemwuliza bwana, kasema ndiyo, "nilinganisha tu na simu, saa ilikuwa nyuma". Nimemwambia saa ilikuwa Mtopanga, yeye ndiye alikuwa mbele. Ameweka Nairobi, amezima kufuata mtu, amechora ukanda wa chini kwa pembe sita huku mimi nikisimama uani na ufagio kumwonyesha mwisho wa saruji. Kiraba cha jirani kimewekwa. Pia ameikuta sehemu ya kuchagua binadamu peke yake badala ya kila mwendo, akataka kuiwasha, nikamwambia asubiri nikuulize.

Mchana sasa simu haisemi kitu, mpaka nimeanza kuitazama kama imekufa. Usiku imebaki shida ya kumbikumbi na mchirizi mweupe unaopita mbele, na kila magharibi inalia mara moja bila mtu.

fundi_wa_tudor

Ya magharibi usihangaike nayo. Kamera inahama kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe, kuna kichujio kidogo ndani kinasogea, ukiwa karibu unasikia "tak". Picha nzima inabadilika kwa mpigo, nayo inadhani kuna mwendo kila mahali. Sogeza mwanzo wa ratiba mpaka 19:00, kwetu giza limeshaingia mwaka mzima.

Kumbikumbi na mchirizi ni za taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zilizozunguka lenzi. Mdudu akipita sentimita chache mbele yake anang'aa na kuonekana mkubwa kuliko mtu aliye getini, na huo mchirizi nadhani ni uzi wa buibui, maana buibui hapendi mahali kuliko mbele ya kamera. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu, na huku pwani utakuta pia ukungu wa chumvi ambao nao unarudisha mwanga. Kisha funga balbu ya kawaida karibu na tangi, mbali na kamera, iwake usiku kucha. Wadudu wataifuata balbu. Kama mwanga unatosha, zimeni infraredi kabisa, mtapata na rangi ya nguo za mtu, ambayo polisi huuliza kwanza.

Ya binadamu peke yake iwasheni, lakini ijaribuni usiku kabla ya kuiamini. Inatafuta umbo: kichwa, mabega, miguu. Mtu aliyeinama na gunia mgongoni, akitazamwa kutoka juu, mara nyingine hafanani na umbo hilo. Mtume huyo mpwa wako aingie kwa namna tatu: amesimama, ameinama, na amejifunika leso. Ikimkosa hata kwa moja, rudini kwenye mwendo wa kawaida ndani ya ule ukanda, mvumilie paka.

bi_karai

Tumejaribu jana baada ya isha. Amesimama, imelia. Ameinama, imelia akiwa tayari yuko kwenye tangi. Na leso, kimya mpaka alipotoka. Basi tumerudisha mwendo wa kawaida, na paka keshapita, nimempokea arifa yake.

Bado moja. Bwana akipanda bahari kuu hapatikani, na mimi sina ruhusa ya kugusa kitu. Nifanyeje?

fundi_wa_tudor

Kabla hajang'oa nanga aifute kamera kwenye akaunti yake, wewe uisajili kwenye simu yako kwa kubonyeza kile kitufe cha kuanza upya ukiwa nyumbani, kisha umgawie yeye. Andika kwanza mipangilio yote pembeni, kwa sababu eneo, kiraba cha jirani na ratiba vitafutika vyote na mtachora upya. Na unapoichagua saa, simu yako iko Mtopanga, hapo hata ukibonyeza kulinganisha hakuna neno.